Saini ya Mwanamke: Kutoka Soko la Nyangwe hadi Kongolo ya Leo

Ukiuacha mji wa Kongolo na kufuata maji ya Lualaba, mto unabanwa kwanza kwenye korongo la mawe ambalo wageni waliliita Milango ya Jehanamu. Ukishapita hapo unatanuka tena na kuelekea kaskazini, Kasongo na Nyangwe. Historia ya haki za wanawake wa ukanda huu husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza na mikutano ya Umoja wa Mataifa na magari meupe ya mashirika. Hilo si kweli. Karne moja na nusu iliyopita, kando ya mto huuhuu, wanawake walikuwa na haki ambayo haikuandikwa popote na ambayo hata wanaume waliokuwa vitani waliiheshimu.

Nyangwe, 1871

David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, akakaa miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kuvukia Lualaba. Kilichomvutia zaidi hapo ni soko. Wanawake walitoka vijiji vya ng'ambo zote mbili na mizigo kichwani na mgongoni: vyungu, mihogo, mafuta ya mawese, samaki, kuku, chumvi. Wao ndio waliopanga bei, wakabishana, wakakopeshana. Livingstone aliandika pia jambo zito kuliko orodha ya bidhaa. Aliambiwa kwamba hata wanaume wa vijiji viwili walipokuwa wanapigana, mwanamke aendaye sokoni alipita bila kuguswa.

Tarehe 15 Julai 1871, desturi hiyo ilivunjwa kwa risasi. Watu kama 1,500 walikuwa sokoni, wengi wao wanawake. Wanaume wachache wa msafara wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliingia na bunduki, ugomvi ukazuka juu ya bei ya kuku, na ghafla wakaanza kufyatua risasi. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana na kupinduka, na mamia wakazama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400.

Habari hizo zilifika Uingereza mwaka uliofuata, zikaongeza nguvu kwa waliokuwa wakipigania kufungwa kwa biashara ya utumwa. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Wanawake wa Nyangwe, ambao majina yao hayakuandikwa na mtu yeyote, wana sehemu yao katika saini ile. Wakati huo hapakuwa na aliyewarudishia soko lao. Bara, biashara ya watu iliendelea kwa miaka mingine 20, hadi majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yalipoiteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893 na kuleta mateso ya aina yake.

Mwanamke aliyejinunua

Yapo maisha ya mwanamke mmoja wa zama hizo tunayoyajua kwa undani. Aliitwa Bwanikwa. Alizaliwa katika nchi ya Waluba katika miaka ya 1870, na hadithi yake iliandikwa na mmisionari Dugald Campbell mwanzoni mwa karne ya 20.

Baba yake alikuwa na wake wengi. Mke mkubwa, binti wa chifu, alipofariki, ndugu wa marehemu walidai fidia ya kifo, na fidia hiyo ililipwa kwa watu. Baba alipopungukiwa, alimtoa Bwanikwa. Kuanzia hapo akapita mikono kwa mikono, akiuzwa na kuuzwa tena, kiasi kwamba kichwa cha kitabu cha Campbell kinamtaja kuwa mtumwa mara kumi. Tusiharakishe kuwalaumu wageni peke yao. Misafara ya pwani iliongeza bei na idadi, lakini mlango wa kwanza aliotokea Bwanikwa ulikuwa wa nyumba ya baba yake, na sheria iliyomtoa ilikuwa ya ukoo.

Mwishowe aliolewa na mwanamume aliyemnunua. Alilima, akafanya biashara ndogondogo, akaweka akiba, hata akaweza kumpa mumewe bunduki iwe fidia ya uhuru wake mwenyewe. Aliendelea kuishi naye, lakini sasa akiwa mke. Hakungoja amri ya mfalme wala azimio la mkutano. Alijua bei yake, akailipa, na akataka watu wajue kwamba imelipwa.

Pamba, kodi na darasa la kushona, 1908–1960

Mwaka 1908 Ubelgiji ilichukua Kongo kutoka mikononi mwa Leopold. Reli kutoka Kindu ilifika Kongolo mwaka 1911, na ile ya Kabalo ikafika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915. Miaka miwili baadaye serikali ya kikoloni ilianzisha kilimo cha lazima. Katika vijiji vya kaskazini ya Katanga na Maniema, kila familia ilipimiwa shamba la pamba.

Hapo ndipo dhuluma ya kimyakimya ilipoanza. Daftari la mkoloni liliandika jina la mwanamume. Yeye ndiye mkulima, yeye ndiye mlipa kodi, na fedha za pamba zilikabidhiwa kwake. Lakini kupalilia, kuvuna, kuchambua na kubeba magunia hadi kituo cha ununuzi kulihitaji mikono ya mke na watoto, na mihogo ya chakula ilibaki kumngoja mke huyohuyo. Tatizo la leo la mwanamke anayelima bila kumiliki, ambalo wengi huliita mila ya kale, lina mizizi pia katika madaftari yale.

Mahakama za wenyeji zilizopangwa kwa amri ya 1926 zilizidi kukaza fundo. Wazee waliulizwa mila ni ipi, wakaieleza kama walivyopenda iwe, na karani akaiandika. Kesi za mahari, talaka na ugoni zilijaa barazani, na mara nyingi mwanamke alikuwa jambo linalozungumziwa kuliko mtu anayezungumza.

Mjini mambo yalichukua sura nyingine. Mwanamke aliyeishi bila mume, awe mjane, mtalaka au mfanyabiashara tu, alitozwa kodi maalumu, na kodi hiyo ilibeba tuhuma kwamba anauza mwili. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Usumbura, inayoitwa sasa Bujumbura, wanawake Waislamu wa mtaa wa Waswahili wa Buyenzi waliikataa hadharani katika miaka ya 1950. Wengi wao walikuwa wajane wenye heshima zao, na kilichowauma zaidi ya franka ni jina walilobandikwa. Upinzani wao ni mmoja wa mifano ya wazi ya wanawake wa Kiafrika wa ukanda wa Tanganyika kuungana na kuiambia serikali kwamba imekosea.

Serikali hiyohiyo ilifungua vituo vya jamii vilivyoitwa foyer, ambamo wanawake walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kulea mtoto kwa usafi. Wapo akina mama waliofaidika, na cherehani ililisha familia nyingi. Lakini wakati mvulana alifundishwa ukarani, dada yake alifundishwa kutunza nyumba ya karani. Ndiyo maana Kongo ilipopata uhuru hapakuwa na hata mwanamke mmoja Mkongo aliyemaliza chuo kikuu.

Kura bila mwanamke, 1960–1967

Uchaguzi wa Mei 1960, uliomleta Patrice Lumumba madarakani, ulikuwa wa wanaume. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Hata hivyo walishapanda jukwaani: Andrée Blouin alizunguka Kwilu mwaka huohuo akiwaandikisha wanawake katika harakati za umoja wao. Na Lumumba alipouawa Katanga, mjane wake Pauline Opango aliongoza maandamano ya maombolezo Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, Februari 1961, kifua wazi, akidai mwili wa mumewe. Mwanamke asiyekuwa na kura aliisimamisha serikali mbele ya macho ya dunia.

Kaskazini ya Katanga, uhuru ulikuja na moto. Wanajeshi wa Katanga iliyojitenga walipambana na wafuasi wa chama cha Balubakat, vijiji vikachomwa, na Kongolo ikabadilisha mikono. Tarehe 1 Januari 1962, askari waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu mjini humo. Mauaji hayo hukumbukwa kanisani kila mwaka, na ni haki yakumbukwe. Yalikuwa pia na matokeo ambayo hayatajwi sana: katika eneo ambalo shule na zahanati nyingi zilikuwa za misheni, msichana alipoteza mlango wa karibu, na mara nyingi wa pekee, wa darasa.

Mabadiliko yalitoka mji mkuu. Sophie Kanza, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1964, akawa mwanamke wa kwanza waziri mwaka 1966. Mwaka 1967 wanawake walipewa haki ya kupiga kura. Bahati mbaya ni kwamba waliipata wakati Rais Mobutu akielekea kubakiza chama kimoja, kwa hiyo karatasi waliyopewa ilikuwa na jibu moja tu la kweli.

Ruhusa ya mume, 1987

Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliridhia mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake Oktoba 1986. Miezi kumi baadaye, tarehe 1 Agosti 1987, ilipitisha Sheria ya Familia. Mtu akizisoma nyaraka hizo mbili pamoja, atajiuliza kama ziliandikwa katika nchi moja.

Sheria ya 1987 ilikuwa na mazuri yake: ilikusanya mila nyingi zilizotawanyika katika kitabu kimoja na kumpa mjane na watoto nafasi katika mirathi. Lakini kifungu cha 444 kilimtangaza mume kuwa mkuu wa nyumba, na cha 448 kikamtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria linalomfunga yeye mwenyewe. Msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana 18. Ugoni wa mke ulikuwa kosa wakati wote. Wa mume ulihesabiwa pale tu ulipomdhalilisha mkewe.

Tufikirie hilo lilimaanisha nini Kalemie. Mama anayeuza ndagala na vitenge, ambaye ana wateja hadi Kigoma na anajua thamani ya shilingi na ya fedha ya Zaire siku hiyohiyo, hakuweza kufungua akaunti ya benki, kuchukua mkopo au kushitaki mdeni wake bila saini ya mume. Uchumi wa Zaire ulipoanguka miaka ya 1990 na mishahara ya wanaume ikakoma, biashara ya mama huyo ndiyo iliyonunua unga na kulipa karo. Likelemba, ile mizunguko ya kuchangiana ambamo kila mmoja hupokea kwa zamu, ikawa benki ya wale ambao sheria iliwazuia benki. Familia nyingi ziliishi kwa jasho la mtu ambaye mbele ya mwanasheria alihesabika kama mtoto.

Vita na sheria zilizozaliwa humo, 1996–2011

Mwaka 1995, Gertrude Mongella wa Tanzania aliongoza mkutano wa dunia wa wanawake mjini Beijing. Waliorudi Kongo na maazimio yake walikuta vita vinabisha. Vita vya kwanza vilimwondoa Mobutu mwaka 1997. Vya pili vilianza Agosti 1998. Kalemie iliangukia mikononi mwa waasi mwezi huohuo, na mstari wa mapigano ukapita katikati ya kaskazini ya Katanga kwa miaka. Ubakaji ukawa silaha. Mwanamke aendaye shambani au sokoni, yule ambaye babu za wapiganaji wangempisha njia, ndiye aliyewindwa.

Vyama vya wanawake vilidai viti katika mazungumzo ya amani, na madai yao yaliacha alama kwenye Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 14 kinazungumzia usawa wa uwakilishi katika taasisi zote. Cha 15 kinaitaka serikali itokomeze ukatili wa kingono. Tarehe 20 Julai mwaka huo zikafuata sheria mbili za ubakaji. Zilipanua maana ya kosa, zikataka kesi ziende haraka, na zikakataza kesi kumalizwa kwa faini. Kwa vijiji ambako mbuzi wawili walitosha kumaliza shauri kati ya baba wa msichana na baba wa kijana, huku msichana akiwa nje ya mazungumzo, hayo yalikuwa mapinduzi, angalau kwenye karatasi. Bungeni karatasi ilikuwa nyepesi: uchaguzi wa 2006 ulileta wanawake 42 katika viti 500, kwa sababu sheria ya uchaguzi iliruhusu orodha isiyo na mwanamke hata mmoja.

Mfano uliofungua macho ulitoka Baraka, mji wa ziwani kaskazini ya Kalemie. Usiku wa mwaka mpya wa 2011, askari wa jeshi la taifa waliwabaka wanawake wa mji jirani wa Fizi. Mahakama ya kijeshi inayotembea ilipelekwa Baraka. Wanawake 49 walitoa ushahidi, na Februari mwaka huohuo Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Haikuchukua hata miezi miwili. Somo hapo ni la utaratibu: hakimu alimfuata mlalamikaji, wala mlalamikaji hakutakiwa kuuza mbuzi ili amfikie hakimu.

Tanganyika yenye vita vyake, 2013–2021

Mkoa wa Tanganyika ulizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Ulizaliwa ukiwa tayari unawaka. Tangu 2013 Watwa, jamii ya asili ya eneo hilo, na Waluba walikuwa wakipigana, na kufikia 2017 zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wameyahama makazi yao. Ardhi na kazi za kutumikishwa zilikuwa kiini cha malalamiko ya Watwa. Ndoa pia ilikuwemo: mwanamume Mluba aliweza kuoa Mtwa, lakini Mtwa kumwoa binti wa Kiluba kulionwa kuwa tusi. Katika ugomvi huo wa hadhi za wanaume, mwanamke wa Kitwa alidharauliwa mara mbili, kama Mtwa na kama mwanamke. Katika mabaraza ya amani yaliyoundwa vijijini, Watwa na Waluba walikaa mkeka mmoja. Sheria ya kuwalinda Watwa na jamii nyingine za asili ilisubiri hadi Julai 2022.

Kisha ikaja zamu ya Kongolo. Agosti 2021, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilitangaza kuwa katika wiki mbili tu, kwenye maeneo ya afya ya Kongolo na Mbulula, wahudumu walirekodi visa 243 vya ubakaji katika vijiji 12. Waathirika 48 walikuwa watoto. Ni wastani wa visa 17 kwa siku, na hivyo ni vile tu vilivyoripotiwa. Makundi yenye silaha yaligombania machimbo ya dhahabu na kulipiza kisasi kwa operesheni za jeshi, na wanawake wakageuzwa uwanja wa kupelekeana ujumbe.

Takwimu hizo zilizunguka dunia kwa siku chache. Magazeti yakahamia kwingine. Waliobaki ni wauguzi wa zahanati, akina mama wa vyama vya mitaa waliowasindikiza wenzao kwa miguu kutafuta dawa za kinga ndani ya saa 72 baada ya kubakwa, na waume ambao baadhi yao walisimama na wake zao na wengine wakawafukuza.

Saini inarudi, 2015–2024

Wakati moto huo ukiwaka, kazi nyingine ilifanyika Kinshasa na Kivu. Mwaka 2015 vyama vya Kivu vilijiunga katika vuguvugu la Rien Sans les Femmes, wakikusanya saini mtaani kudai kwamba pasipo wanawake pasiwe na uamuzi. Sheria ya usawa ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2015. Na tarehe 15 Julai 2016, karibu miaka 29 baada ya kutungwa kwake, Sheria ya Familia ikarekebishwa. Ruhusa ya mume ikafutwa. Sasa mume na mke wanatakiwa kuafikiana. Umri wa kuolewa ukawa 18 kwa wote.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 37 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufika 18. Sheria ya watoto ya 2009 ilikwisha kukataza ndoa hizo, kwa hiyo tatizo halikuwa uhaba wa vifungu. Ndoa nyingi za vijijini hufungwa kwa mahari na baraka za wazee, bila kuandikishwa serikalini, na binti ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikwa hawezi kuthibitisha kwamba ana miaka 14. Mjane asiye na cheti hukuta shemeji wamekwisha gawana mabati, baiskeli na shamba. Vita kubwa zaidi ya haki Kongolo leo inaweza kuwa ya daftari la msajili.

Juu, sura zimebadilika. Jeanine Mabunda aliongoza Bunge la Taifa kuanzia 2019 hadi 2020. Julie Ngungwa alichaguliwa gavana wa Tanganyika Mei 2022. Juni mwaka huo sheria ya uchaguzi iliondoa ada ya dhamana kwa orodha zenye wanawake nusu. Tarehe 1 Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka akateuliwa waziri mkuu, wa kwanza mwanamke. Mafanikio hayo ni ya kweli na msichana wa Kalemie anayaona. Lakini kifungu cha 444 kilipita salama katika marekebisho ya 2016: mume bado ndiye mkuu wa nyumba kwa mujibu wa sheria.

Desemba 2022 ilitangazwa pia sheria ya fidia kwa waathirika wa ukatili wa kingono uliotokana na vita, na mfuko wa taifa ukaundwa kwa ajili hiyo. Wanawake wa vijiji vile 12 vya Kongolo na Mbulula wamo kabisa katika maelezo ya sheria hiyo. Ili walipwe, lazima kwanza waandikishwe: mtu afike hadi kwao, awasikilize kwa faragha kwa lugha wanayoijua, aandike jina la kila mmoja kama alivyolitaja mwenyewe, na amwachie nakala yenye saini yake.